Maharage ya Kabatini

Jumatatu, 3 Februari

Nimenunua madaftari mawili ya jalada gumu. Moja ni la kozi, maana tumeambiwa bila daftari hakuna kuingia maabara. La pili ni hili, na ni langu peke yangu. Nahitaji mahali pa kulalamikia, kwa sababu binti yangu amechoka kunisikiliza.

Kozi inaitwa Utangulizi wa Baiolojia kwa Wanafunzi Wasio wa Sayansi. Tuko arobaini na wawili: watu wa muziki, wa historia, wa lugha, wa utawala, wote tumeburutwa. Chuo kimeamua kwamba mtu hahitimu hapa bila kujua seli ni nini. Mimi nasomea utawala, nina miaka arobaini na mitatu, nimekuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na tisa, na hakuna mtu aliyewahi kuja dirishani kwangu kuniuliza seli ni nini.

Hii ni mara ya tatu nalikalia somo hili. Mara ya kwanza nilipata thelathini na nane, ya pili arobaini na nne. Kufaulu ni hamsini. Nikianguka tena, jina langu linaondolewa chuoni, na miaka mitano ya kusoma kwa kuibia muda inakwenda na maji. Nimeliandika hapa ili niache kulifikiria. Haijasaidia.

Jumatano, 5 Februari

Mhadhiri mpya. Tunamwita Daktari, ingawa si wa hospitali, ni wa mimea. Mwanamke mfupi, koti jeupe, mfuko mmoja umechanika na haonekani kujali. Ametupa sheria ya daftari: wino tu. Hakuna kufuta, hakuna kupaka dawa nyeupe, hakuna kuchana karatasi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke, kisha unasaini pembeni.

"Kosa lako nataka nilisome," alisema.

Mimi masjala ndiye malkia wa dawa nyeupe. Nina chupa tatu kwenye droo.

Tumegawanywa wawili wawili kwa meza. Nimepangwa na kijana wa muziki aliyeingia amechelewa robo saa, jasho linamtiririka, amekumbatia sanduku la tarumbeta. Alinisalimia vizuri, hilo sitamnyima. Kisha akaanza kugongagonga meza kwa vidole. Mvivu. Nawajua wa aina hii, masjala tunao watatu.

Jumatatu, 10 Februari

Mhadhara. Nimeandika kurasa tisa. Sijaelewa hata mbili.

Jumatano, 12 Februari

Leo ilikuwa ngozi ya kitunguu. Unabandua utando mwembamba, unaulaza kwenye kioo, unadondoshea rangi, unafunika kwa kioo kingine kidogo, unaweka chini ya hadubini. Kisha unatulia, na hapo ndipo penye taabu. Sijui kutulia mbele ya kitu kisichosogea. Goti langu lilicheza mpaka meza ikatikisika, na Tarumbeta akaniomba kwa adabu nimwonee huruma.

Hatimaye nikaona. Mviringo safi, ukingo mweusi mnene, katikati panang'aa. Nikachora kwa nusu saa. Nikaweka kivuli. Pembeni nikaandika: "Seli ya kitunguu, ikiwa katika utulivu wake wa asili." Ofisini mimi ndiye huandika barua za Mkuu na wasifu wa marehemu wote wanaotuhusu, hata wa wakwe na majirani. Maneno hayanipigi chenga.

Daktari aliinama kwenye hadubini yangu, akatazama mchoro, akainama tena.

"Mchoro mzuri sana," alisema. "Umechora hewa."

Kilikuwa kiputo cha hewa kilichonaswa chini ya kioo. Seli zenyewe zilikuwa pembeni, zimepangana kama matofali, hafifu, na sikuzijali kwa kuwa hazikupendeza. Darasa zima lilicheka. Tarumbeta naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Alhamisi, 13 Februari

Jina la Mama Hewa limeshafika mgahawani.

Jumapili, 23 Februari

Mvua tangu asubuhi. Nimezunguka nyumba nzima nikipanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Baba watoto yuko kazini mbali mpaka katikati ya mwaka, kwa hiyo tumebaki wawili.

Binti yangu ana fomu ya kuchagua masomo ya kidato kinachofuata. Anataka kuweka baiolojia ya kwanza. Nilimwambia aweke historia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia aangalie matokeo ya mama yake na ya shangazi zake wote. Sisi si watu wa sayansi.

"Wewe si mtu wa sayansi," alinijibu, "mimi bado sijajua." Nikamwambia akaoshe vyombo. Fomu inarudishwa mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo kuna muda wa kumrudisha kwenye mstari.

Jumatano, 5 Machi

Tumepanda maharage. Kazi hii ina alama arobaini kati ya mia, kwa hiyo nimesikiliza kwa masikio yote mawili. Kila meza ina makopo mawili ya udongo uleule, maharage matatu kila kopo, maji kiasi kilekile. Kopo moja linakaa dirishani, jingine kabatini gizani. Kila siku mmoja wetu anapima mche mrefu zaidi wa kila kopo, kutoka kwenye udongo hadi ncha, anaandika namba na kusaini mstari wake. Daktari alitaka tupime hata kopo lenyewe. Sentimeta kumi na nne. Nilimuuliza kama nalo linakua.

Tumeandika pia matarajio. Nimeandika kwamba mche wa kabatini utadumaa, maana mmea hula mwanga. Tarumbeta amekubali. Mtu mwenye akili timamu angesema nini kingine?

Zamu zetu: mimi Ijumaa hadi Jumatatu, yeye Jumanne hadi Alhamisi. Nimechagua siku nyingi ili daftari lisiharibike mikononi mwake. Daftari anakaa nalo mwenye zamu. Funguo za maabara anazo Fundi, mzee mwembamba anayeosha vioo huku akijisemea peke yake. Jumamosi na Jumapili hufungua kuanzia saa nne kwa ajili ya wapimaji tu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda siku zangu zote nne. Hakuna kitu. Udongo, udongo, udongo, udongo. Nimeandika sifuri nane na kusaini mara nne. Fundi aliniambia maharage hayajui kama nina haraka.

Alhamisi, 13 Machi

Tarumbeta kanipigia kwa furaha kama mtu aliyepata mtoto. Miche imetoka makopo yote mawili. Dirishani sentimeta mbili, kabatini mbili. Jioni amepita kuniachia daftari, kesho nachukua zamu.

Ijumaa, 14 Machi

Baba mkwe wa Mkuu wetu amefariki. Mazishi ni Jumatatu. Mkuu ameniita ofisini, akanikalisha, akaniambia hakuna mwingine wa kuandika wasifu. Sikumjua marehemu hata kwa sura. Nimetoka na karatasi mbili za majina ya watoto na tarehe zinazogongana. Mvua imeziba barabara ya chuo. Nitapima kesho.

Jumamosi, 15 Machi

Wasifu. Watoto wakubwa hawakubaliani baba yao alizaliwa mwaka gani. Nimeandika kwamba alikuwa mtu wa watu.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Wasifu umerudishwa mara mbili. Niko na makoti mawili yaliyolowa na goti langu halitulii. Maabara ingekuwa wazi. Sikwenda.

Jumatatu, 17 Machi

Tumezika. Wasifu ulisomwa, watu wakalia, na mjane akanishika mikono akisema nimemrudisha mumewe. Nilijisikia vizuri kwa dakika kumi hivi.

Jioni nimekaa jikoni na daftari la maharage. Mistari minne mitupu inanikodolea macho. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Nikajiambia, mche ni mche. Ulikuwa mbili Alhamisi. Nikauandikia wa dirishani nne, sita, nane, kumi. Wa kabatini, maskini wa Mungu, nikaupa mbili na nusu, tatu, tatu na nusu, nne. Nikabadilisha kalamu katikati ili wino usifanane. Nikasaini mara nne.

Ukurasa unapendeza kuliko zote tulizoandika.

Jumanne, 18 Machi

Alfajiri nilimwachia Fundi daftari mlangoni, mbiombio, injini ya pikipiki iliyonileta ikinguruma. Alinitazama kama anayetaka kusema neno. Sikumpa nafasi.

Saa tatu na nusu nikiwa dirishani masjala, na foleni mbele yangu, Tarumbeta akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya wasiwasi. Alisema wa kabatini ni sentimeta kumi na tisa. Jana mimi nimeandika nne. Na wa dirishani ni tisa, wakati jana ulikuwa kumi. Alisema ameshaandika kumi na tisa kwa wino, sasa anaona haiwezekani.

Foleni ilikuwa inanitazama. Nikamwambia mche wa dirishani umeinama tu, unyooshe. Na wa kabatini, nikasema kwa sauti ileile ninayowaambia watu kwamba faili lao halipo, "Kijana, umepimia mezani. Kopo ni sentimeta kumi na nne. Toa kumi na nne kwenye kumi na tisa."

Nilimsikia akinong'ona hesabu. Kisha akasema, "Tano."

"Basi hiyo tano ndiyo yako."

Akashukuru. Akasema ndiyo maana ni vizuri kufanya kazi na mtu mzima. Nikakata simu na kumhudumia aliyefuata, nikiwa nimejipongeza moyoni kwa kuona hesabu haraka namna ile.

Wakati wa chakula cha jioni nikamuuliza binti yangu, kama mtu anayepiga soga tu, mche ukifungiwa gizani unakuwaje. Hakuinua hata macho kwenye sahani.

"Unarefuka zaidi, mama. Unatumia akiba ya mbegu yote kutafuta mwanga. Unakuwa mwembamba, wa njano, mrefu. Mbona hii tulisoma zamani?"

Nikaacha kula. Kumi na tisa ilikuwa kweli. Namba pekee ya kweli kwenye ukurasa mzima, na nimemfanya yule kijana aipige mstari na kusaini. Nimempigia simu mara tatu. Yuko kwenye mazoezi ya bendi, hapokei.

Jumatano, 19 Machi

Nitaandika yote, kwa mpangilio, maana mikono imekataa kazi nyingine.

Niliomba ruhusa ofisini na kufika chuoni saa mbili, ili nilipate daftari kabla ya mtu yeyote. Sikujua ningelifanya nini. Nafikiri ningelichana, Mungu anisamehe. Fundi alikuwa anafungua mlango. Akaniambia Daktari amepita jana jioni na kukusanya madaftari yote bila taarifa, ndivyo alivyo. Kisha, akiwa bado ananipa mgongo, akaongeza:

"Jumamosi nilikusubiri mpaka saa saba, mama. Nikasema labda mvua. Jumapili pia nikasubiri."

Nilimwambia kulikuwa na msiba. Akasema pole sana, na alimaanisha. Hiyo pole ilinichoma kuliko kama angenitukana.

Saa nane darasa likaanza. Daktari alikuwa ametoa makopo yote kabatini na kuyapanga mezani mbele. Miche yote ya gizani ilikuwa mirefu, miembamba, ya rangi ya karatasi iliyokaa juani, imelaliana. Wetu ulikuwa mrefu kuliko yote. Alieleza kwa nini, yaleyale ya binti yangu karibu neno kwa neno. Watu walishangaa, maana karibu kila meza ilitarajia kudumaa. Alisema amefurahi, kwamba kutarajia vibaya si dhambi, ndiyo maana tunapima.

Kisha akainua daftari letu. Akasoma namba zetu kwa sauti bila kutaja meza. Akaweka rula kwenye mche wetu. Ishirini na moja.

"Jumatatu nne, Jumatano ishirini na moja," alisema. "Na hapa katikati kuna kumi na tisa iliyopigwa mstari, ikaandikwa tano. Nani kasaini hapa?"

Tarumbeta alisimama. Koti lake lilikuwa limelowa begani, sanduku liko miguuni. Daktari akamuuliza kwa nini amefuta. Akajibu kwamba alidhani amekosea kupima. Akamuuliza kama alikosea kweli. Aliutazama mche wetu pale mezani, na kwa sekunde hiyo nilijua kwamba anajua.

"Hapana, Daktari," alisema. "Nilipima kutoka kwenye udongo."

"Sasa nani alikwambia ni tano?"

Nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake, goti langu kwa mara ya kwanza muhula huu limetulia tuli. Nilichotakiwa kusema ni neno moja, mimi. Yeye hakunitazama. Alisema, "Nimekosa mimi kuandika," akakaa.

Daktari akafunga daftari. Akasema hatuulizi zaidi leo. Daftari litakuwa kwenye rafu ya Fundi, na Jumatano ijayo atalisoma tena, na alama atatoa kwa kitakachokuwemo. Kama hakuna kilichobadilika, aliyesaini kubadilisha namba ya kweli atapata sifuri ya kazi nzima. Alikuwa anamtazama Tarumbeta wakati anasema hivyo. Nahisi alikuwa anasema na mimi.

Nje mvua. Nilimtafuta kijana kila mahali sikumpata.

Alhamisi, 20 Machi

Ofisini nimekosea mihuri mara nne.

Ijumaa, 21 Machi

Zamu yangu. Nimepima: dirishani kumi na mbili, kabatini ishirini na tatu. Nimepima mara mbili, nikasaini. Fundi alikuwa anaosha vioo. Nilimuuliza, kama utani, kama yule kijana wa muziki huwa anakuja kwa wakati. Akacheka. Akasema huyo huja hata siku zisizo zake, asubuhi sana, anasimama tu dirishani akiangalia. Halafu anakimbia shule ya msingi ng'ambo ya barabara, anafundisha watoto bendi, ndiyo maana vipindi vya mchana anafika anahema. Na ile Jumanne alipima mara tatu kabla ya kuandika.

Nimetembea kurudi nyumbani badala ya kupanda gari. Viatu vimeharibika.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepima. Kisha nimekaa mezani na kuandika barua kwa Daktari. Nimeandika tatu, na niseme ukweli, zote ni nzuri. Ya kwanza ina mvua, msiba na wito wa kazi, na kuna mahali inaliza. Ya pili inaeleza uwezekano wa makopo kuchanganywa na watu wasiojulikana. Ya tatu inasema kwa heshima zote kwamba vijana wa siku hizi wana mambo mengi, na kwamba mimi kama mtu mzima nakubali lawama ya kutomsimamia mwenzangu ipasavyo.

Ya tatu ndiyo bora. Mkuu mwenyewe angeisaini bila kubadilisha nukta. Nimeisoma mara sita. Ingepita.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Nimepima. Barua ya tatu iko kwenye mkoba.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepima. Ipo bado kwenye mkoba. Binti yangu kaniuliza kwa nini natembea jikoni kama ninayetafuta kitu. Nimemjibu vibaya na nikaona aibu.

Jumanne, 25 Machi

Nilifika maabara Fundi akiwa ndiyo kwanza anatoa funguo. Nikaomba daftari. Nikaweka rula kwenye mstari wa Ijumaa ya tarehe kumi na nne, nikapiga mstari mmoja, namba zikabaki zinasomeka. Pembeni nikaandika: "Sikupima. Sikuwepo." Nikasaini. Jumamosi, hivyohivyo. Jumapili. Jumatatu. Mstari wa Tarumbeta sikuugusa, si wangu. Chini yake nikaandika: "19 ni sahihi. Mimi ndiye niliyemwambia aifute." Nikasaini.

Nilitamani sana kuongeza sentensi. Moja tu, ya msiba. Kalamu ilikaa juu ya karatasi mpaka ikaacha doa. Nikafunga daftari.

Barua zote tatu nimempa Fundi awashie jiko lake la chai. Hakuuliza. Nimekunywa chai pia, nikiwa nimesimama hivihivi, na nimechelewa kazini.

Jumatano, 26 Machi

Daktari hakusoma kwa sauti. Aliniita baada ya kipindi.

Aliniambia alijua tangu siku ile. Nne, sita, nane, kumi. Akasema hakuna kitu chenye uhai kinachokua kwa utii namna hiyo. Niliuliza kwa nini basi alimsimamisha kijana. Akasema alikuwa anataka kuona nani mwingine atasimama.

Sina la kuongeza hapo.

Nikamuuliza kuhusu alama. Akasema atanipa alama za nilichokiona tu, na kwamba ukweli hauna alama ya ziada, maana ndiyo kazi yenyewe. Tarumbeta atapunguziwa kidogo kwa kufuta namba aliyojua ni ya kweli.

Nilimkuta nje, amesimama chini ya paa anangoja mvua ipungue. Nikamwambia mwanangu, nimekukosea, nisamehe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ana adabu, hajawahi kunikatiza.

"Mama, nilijua nimepima kutoka kwenye udongo," alisema. "Nilijua kabisa. Nikakuamini wewe kuliko macho yangu."

Akanyanyua sanduku akaingia kwenye mvua.

Jumatano, 2 Aprili

Tarumbeta ameomba kuhamia meza ya nyuma. Ameruhusiwa. Kopo la kabatini kaniachia mimi, la dirishani kachukua yeye. Ameniachia na rula.

Jumatatu, 14 Aprili

Napima kila siku sasa, zamu zote ni zangu. Asubuhi kabla ya kazi, dakika kumi. Mche wa gizani umeacha kurefuka. Umelala juu ya udongo. Nimeandika hivyo tu: umelala.

Jumamosi, 26 Aprili

Binti yangu ananifundisha mgawanyiko wa seli kwa vifungo vya mashati. Anapiga kelele kuliko Daktari. Fomu yake iko juu ya kabati, hatuizungumzii.

Jumanne, 6 Mei

Alama za daftari zimebandikwa. Nimepata kumi na mbili kati ya arobaini. Nimepiga hesabu kwenye kiganja pale ukutani, watu wakinipita. Imebaki karatasi ya kuandika yenye arobaini na mtihani wa vitendo wenye ishirini. Nahitaji thelathini na nane kwenye sitini. Sijawahi kufika huko maisha yangu yote ya baiolojia.

Nimepita pembeni ya Tarumbeta. Shikamoo. Marahaba. Basi.

Jumatatu, 12 Mei

Karatasi ya kuandika. Nadhani si vibaya. Nadhani.

Jumatano, 14 Mei

Mtihani wa vitendo. Vituo vinne, kila kituo dakika kumi, kengele ikilia unahama. Vituo vitatu vya kwanza nimevimudu. Cha nne kilikuwa hadubini, na karatasi imeandikwa: "Chora unachokiona. Kitaje." Pembeni kuna kitunguu kilichokatwa, kwa hiyo kila mtu alijua ni nini.

Nikainama. Mviringo safi. Ukingo mweusi mnene. Katikati panang'aa.

Nikasogeza kioo kushoto, kulia. Utando ulikuwa umekunjamana na kukauka pembeni, watu wengi walikuwa wameshapita, na palipobaki pa kuonekana palikuwa na kiputo tu, kikubwa, kimekaa katikati kama mwenye nyumba. Aliyetangulia alikuwa ametoka akitabasamu. Na mimi seli za kitunguu nazijua sasa, nazichora hata macho yamefungwa, zile za matofali, na kiini kila moja. Alama tano. Nilijua Daktari anasahihisha kwa mwongozo, na nilijua mwongozo unasema nini.

Goti likaanza. Nikalishika kwa mkono.

Nikachora mviringo. Bila kivuli. Nikaandika: "Kiputo cha hewa. Seli hazionekani kwenye kioo hiki." Kengele ikalia.

Nimefika nyumbani na sijui nimefanya ujasiri au upumbavu. Nimemsimulia binti yangu. Akaweka mikono kichwani, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 19 Mei

Mvua zimekatika. Siwezi kusoma, siwezi kupika kitu kikaiva sawasawa.

Ijumaa, 30 Mei

Hamsini na moja.

Nimeliandika na kulitazama. Daftari kumi na mbili, karatasi ishirini na nne, vitendo kumi na tano. Nilimkuta Daktari akifunga makabati, nikamuuliza kituo cha nne. Akasema Fundi alimwita mtihani ulipoisha, wakatazama kioo pamoja. Hakukuwa na seli hata moja. Watu kumi na sita wa mwisho walikutana na kioo hicho, na kumi na watano walichora seli, nzuri sana, pamoja na viini. Atawapa mtihani mwingine wa kituo hicho Jumanne.

"Mmoja alichora hewa," alisema, akageuza ufunguo.

Niliuliza kama Tarumbeta alikuwa kati ya hao kumi na watano. Akasema alipita mapema, kioo kikiwa kizima, na alama zake ni nzuri. Nimefurahi. Nilimwona langoni na watoto wake wa bendi, nikapunga mkono. Alipunga pia, kwa kuwa watoto walikuwa wanatazama.

Jioni. Nimerudi ukurasa wa tarehe 5 Februari wa daftari hili. Kuna neno pale, Mvivu. Nimepiga mstari mmoja, linasomeka. Pembeni nimeandika: "Sikumtazama." Nimesaini.

Kisha tarehe 23 Februari. "Sisi si watu wa sayansi." Nimepiga mstari mmoja na kusaini, lakini pembeni nimepaacha wazi, maana sijui niandike nini. Bado sijaona.

Fomu ya binti yangu nimeiteremsha kutoka juu ya kabati. Alikuwa ameshaijaza kwa penseli. Nimempa kalamu ya wino.